Kona ya Mzee wa Santuri: Orioles, Elvis na yule dada meneja

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Mimi miaka yote najua Crying in the Chapel ni ya Elvis, sasa juzi kwenye grupu letu la WhatsApp kuna jamaa kaweka rekodi ya watu wanaitwa Orioles, anasema hao ndio wenye wimbo na ndio walioanzisha doo-wop, ule mtindo wa kikundi kuimba kwa sauti za kupangana. Tumebishana mpaka admin akafunga grupu. Nani mkweli? (Mbishi)

JIBU: Marahaba Mbishi, mwambie admin afungue. Kwenye wimbo mmekosa wote wawili. Aliyeutunga ni Artie Glenn, na aliyeanza kuutoa ni mwanae Darrell, kijana mdogo tu, mwaka 1953, tena kwa mtindo wa kantri. Orioles wakaudaka mwaka huohuo na wao ndio waliopaa nao, namba 1 kwenye chati ya R&B (rhythm and blues, nyimbo za weusi) na namba 11 kwenye chati ya pop, na kwa kundi la weusi enzi hizo kuingia kwenye chati ya pop kwa wimbo wenye harufu ya kanisani halikuwa jambo dogo. Elvis wako aliurekodi 1960, ukakaa kabatini mpaka 1965 ndipo ukatoka, ukafika namba 3 Marekani na namba 1 Uingereza. Kwa hiyo ni wa Elvis kama nyumba ilivyo ya mpangaji wa tatu.

Hilo la kuanzisha doo-wop sasa. Ukitaka kuwa mkali wa tarehe, hapana, makundi ya Mills Brothers na Ink Spots walishakuwa mastaa wakubwa tangu miaka ya 1930, na Ravens wa New York walikuwa kazini kuanzia 1946 na yule Jimmy Ricks mwenye besi ya kutetemesha meza. Lakini mimi nikiulizwa ni nani aliyebadilisha mambo, nawataja Orioles bila kusita, na sababu yangu sio tarehe, ni namna walivyoimba. Wale waliotangulia walikuwa wamepigwa pasi, kila neno limenyooka, suti na sauti vinafanana. Hawa walikuwa vijana wa Baltimore wa kuimba kona za mitaa, wakajiita kwanza Vibra-Naires, na walipofika studio waliacha ile hali ya kona iingie kwenye santuri kama ilivyo.

Vaa hedifoni usikilize It's Too Soon to Know ya 1948. Hakuna matarumbeta wala bendi kubwa. Gitaa la Tommy Gaither linagusa tu halafu linajitoa, Johnny Reed anapiga besi la kusimama na yeye huyohuyo ndiye sauti ya besi, na Sonny Til, mwimbaji wao mkuu, anaingia taratibu, anaburuza maneno nyuma kidogo ya mdundo kama mtu anayeogopa jibu atakalopewa. Alexander Sharp yuko juu kabisa, haimbi maneno, analia tu kwa mbali. George Nelson naye ana sauti kavu, karibu ya kuongea, na kazi yake kwenye nyimbo zao nyingi ilikuwa kushika ile sehemu ya katikati ili Sonny akirudi mwishoni umeshammisi. Huo mpangilio, mmoja mbele anabembeleza, mwingine analia juu, besi chini, utaukuta kwa makundi ya vijana miaka kumi mizima baada yao.

Na stejini ndio balaa. Pale ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, Sonny alikuwa anainamia maikrofoni, mabega yanacheza, mikono inapapasa hewa, wasichana wanapiga kelele mpaka wimbo hausikiki. Hii ni mwisho wa miaka ya 1940, Elvis bado yuko shule.

SWALI: Mzee, ni kweli meneja wao alikuwa dada wa kizungu? Nani alikubali hayo mambo Marekani ya wakati ule? (Dada Msomaji)

JIBU: Kweli kabisa, na mimi naona huyu ndiye mtu wa kuvutia kuliko wote kwenye hadithi hii. Anaitwa Deborah Chessler, binti wa Kiyahudi wa hapohapo Baltimore, kazi yake ilikuwa kuuza kwenye duka la nguo na huku anatunga nyimbo. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza aliwasikia kwa simu, rafiki yake kashika simu na vijana wanaimba upande wa pili. Na It's Too Soon to Know ni ya kwake, inasemekana maneno yalimjia akiwa hotelini hana karatasi, akayaandika kwenye karatasi ya chooni.

Yeye ndiye aliyewapeleka 1948 kwenye kipindi cha redio cha Arthur Godfrey cha kusaka vipaji. Wakashindwa! Aliyewashinda ni George Shearing, mpiga piano kipofu kutoka Uingereza, na kusema ukweli kushindwa na Shearing sio aibu. Ila Godfrey aliwapenda akawaita kwenye kipindi chake kingine, na kutoka hapo Jerry Blaine, mwenye kampuni ya rekodi, akawasaini, jina likabadilishwa kuwa Orioles, wimbo ukatoka ukapanda mpaka namba 1 kwenye chati ya nyimbo za weusi. Chati yenyewe jarida la Billboard lilikuwa bado linaiita ya "rekodi za mbari" (race records), jina la rhythm and blues lilikuja mwaka uliofuata, 1949. Waimbaji Dinah Washington na Ella Fitzgerald wote waliukimbilia kuurekodi huo wimbo kabla haujapoa.

Kuhusu nani alikubali, wengi hawakukubali. Msichana mzungu kusafiri na wanaume weusi watano, kusini ambako sheria zenyewe zilikuwa zinatenganisha watu mpaka kwenye mabomba ya maji ya kunywa, fikiria mwenyewe. Aliendelea nao hata hivyo mpaka katikati ya miaka ya 1950.

SWALI: Mbona makundi ya zamani yote majina ya ndege? (K.)

JIBU: Ravens walianza, Orioles wakafuata, na jina lao ni la ndege wa jimbo la Maryland ambako ndiko Baltimore iliko. Wakishauza hao wawili, kila mtu akaingia tunduni: Crows, Larks, Swallows, Flamingos, Penguins. Biashara tu hiyo.

SWALI: Nataka kuanza kusikiliza Orioles ila mtandaoni ziko rekodi kibao na sauti hazifanani. Nianzie wapi? (Mgeni)

JIBU: Hazifanani kwa sababu sio watu walewale. Gaither alikufa kwa ajali ya gari 1950, Reed na Nelson walikuwemo wakaumia, na binafsi nasikia kabisa kwamba baada ya hapo gitaa limebadilika, ule ukimya wake haukurudi. Kundi la mwanzo likavunjika 1954, Sonny akachukua kundi jingine zima lililokuwa linaitwa Regals akalipa jina la Orioles, wazuri tu, tena kiufundi labda wamenyooka kuliko wale wa kwanza, ndio maana hawanigusi sana. Baadaye Sonny alirudia pia hiti zake mwenyewe, na hizo ndizo zinazowachanganya watu.

Kwa hiyo angalia mwaka na lebo. Tafuta za Jubilee, 1948 mpaka 1953. Anza na It's Too Soon to Know, halafu Tell Me So ya 1949 ambayo nayo ilishika namba 1, halafu What Are You Doing New Year's Eve, na Crying in the Chapel iwe ya mwisho. Ukianza na hiyo utadhani hawa walikuwa kwaya.