Maswali yenu: chombo cha miguu minne cha safari za Apollo kilichotua mwezini

Swali: Mbona kilikuwa na sura ya ajabu vile?

Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo hakikuhitaji pua iliyochongoka wala mabawa. Mwaka 1962 NASA, shirika la anga la Marekani, iliamua kwamba katika safari za Apollo za kwenda mwezini chombo kikuu kibaki kikiuzunguka Mwezi, na kingine kidogo ndicho kishuke na wanaanga wawili. Novemba mwaka huo kampuni ya Grumman ya Bethpage, New York, ilipewa kazi ya kukiunda, mhandisi mkuu akiwa Thomas Kelly. Matangi na mitambo vikapachikwa popote palipofaa. Mimi naona kinapendeza, ila nyumbani kwangu hakuna anayeniunga mkono.

Swali: Ni kweli hakikuwa na viti?

Kweli, na hapo ndipo akili ya wahandisi ilipoonekana. Kikijazwa mafuta kilifika tani 15 hivi, na kila kilo ilipigiwa hesabu. Mtu aliyeketi huhitaji dirisha kubwa ili aone chini, na vioo ni vizito. Viti vikaondolewa. Wanaanga wakasimama, wamefungwa mikanda, nyuso zao karibu kabisa na madirisha mawili madogo ya pembetatu, wakaona ardhi vizuri zaidi kuliko wangeketi. Bado uzito ukazidi, basi kuta za aluminiamu zikapunguzwa kwa kemikali hadi baadhi ya sehemu zikabaki na unene wa milimita 0.3 tu.

Swali: Injini ya kuondokea ingegoma je?

Wangebaki hukohuko, ya akiba haikuwepo. Ndiyo maana haikuwekewa pampu wala plagi, ili visiwepo vya kuharibika. Heliamu ilisukuma kemikali mbili ambazo zikigusana tu huwaka zenyewe. Nusu ya chini ya chombo iliachwa mwezini, ikitumika kama jukwaa la kurukia.

Swali: Kilijaribiwa wapi?

Angani. Januari 1968 kiliruka bila mtu, na Machi 1969 wanaanga wa Apollo 9 wakakiendesha katika mzingo wa Dunia. Julai kikatua mwezini.

Swali: Kiliwahi kuwaangusha?

Hapana, kiliwaokoa. Tangi la oksijeni la chombo kikuu cha Apollo 13 lilipolipuka Aprili 1970, wanaanga wote watatu walihamia humo hadi walipokaribia Dunia. Baadaye watu wa Grumman wakawaandikia wenzao waliounda chombo kikuu ankara ya utani, kana kwamba wamewavutia gari bovu: zaidi ya dola 300,000.