Maswali ya mwani: kabla ya kuuliza bei, tazama maji

Nimeona kelpu inavyolimwa Norway na Maine. Nitapata wapi mbegu niijaribu Kilwa?

Hutaipata kwangu. Kelpu ni mwani wa maji baridi. Pwani yetu msimu wa kaskazi maji hufika nyuzi 30, utakuwa unapanda supu. Wala usithubutu kuficha mbegu ya nje kwenye begi, maana huja na maradhi yake. Mtasema hata spinosum, aina ya mwani inayolimwa Paje na Jambiani kule Zanzibar, iliyoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989, asili yake Ufilipino. Kweli, ila haikuja kwenye begi la mtu aliyetazama video jana usiku.

Nalima cottonii, aina ya mwani yenye bei kuliko spinosum. Ncha zake zinageuka nyeupe, kisha zinakatika. Nipulize dawa gani?

Dawa baharini, bibi? Mkondo utaipeleka kwa jirani kabla hujafunga kopo.

Mwani wako umechoka kwa joto. Shamba likiwa kwenye kina kifupi, maji ya kupwa yanachemka juani. Mvua kubwa nayo inapunguza chumvi. Ukishadhoofika, vijidudu vinamalizia. Vuna kilicho kizima leo hii, na mbegu, yaani vipande vya kupanda tena, usiikate kwenye kamba hiyo hata kama shina moja linakuvutia. Msimu ujao sogea kwenye maji yasiyokauka, au panda spinosum: inavumilia zaidi, ingawa bei yake ni ya chini.

Najua kusogea si rahisi. Wakulima wengi ni wanawake, na wengi hawakufundishwa kuogelea. Mradi ukiwaletea boti na nyavu za kupandia mwani kina kirefu, ulizeni kwanza nani atawafundisha kuogelea. Boti hupigwa picha siku ya uzinduzi; mafunzo hayapigwi.

Samaki aina ya tasi wanamaliza mwani wangu.

Tega dema, uwale wao. Kasa usimguse, analindwa na sheria.

Ekari moja inatoa faida kiasi gani?

Swali hili nimeshalikataa mwezi uliopita na mwezi juzi. Andika kwanza umbali wa shamba lako, idadi ya kamba zako na nani atakusaidia kufunga taitai, vile vikamba vya kushikiza mwani kwenye kamba.

Mnunuzi kanikata kilo, eti mwani una mchanga. Ni dhulma?

Umeanika wapi? Ukisema ufukweni, tumemaliza. Na mimi niliwahi kukatwa hivyo hivyo, nikapiga kelele sana, mpaka mzee mmoja akakung'uta fungu langu juu ya kanga: mchanga ukajaa viganja viwili, na kipande cha kamba juu yake. Tengeneza chanja, hata ya miti na wavu chakavu. Jioni funika, umande usiurudishe ubichi. Ukikauka vizuri unatoa chumvi nyeupe juu. Ikung'ute, halafu ndiyo upime. Kilo 7 hadi 10 mbichi hubaki 1 kavu, kwa hiyo usihesabu fedha mwani ungali unachuruzika.

Ila mizani iwe mbele ya macho yako. Na kama kamba na mbegu alikukopesha yeye, bei mmeshapatana bila wewe kujua. Nunueni kamba zenu kikundi.

Naweza kukata mikoko kwa ajili ya vijiti vya kufungia kamba shambani?

Usikate. Wala using'oe majani ya bahari kusafisha shamba. Kijiti cha mti mkavu wa bara kinatosha. Bamvua lijalo nenda ukakague vilivyolegea.