Re: Nyani wanararua mahema, bosi anataka niwawekee sumu

Kaka, hongera kwa umeneja, na pole. Nimesimamia kambi hapo hapo Mto wa Mbu misimu minne, hao nyani nawajua.

Anza na jalala. Wakishaonja mabaki ya jikoni hawaondoki, hata uajiri walinzi kumi. Weka mapipa yenye mfuniko wa komeo, taka zitoke kabla ya giza. Wapishi wa safari ndio wagumu. Mimi nilisema atakayeacha sufuria nje ataosha vyoo. Walinyooka. Wageni waambie wanapofika, siyo begi likishapasuliwa: hakuna ndizi wala biskuti ndani ya hema, chakula kikae garini na vioo vifungwe.

Sumu usiguse. Ni kosa kisheria, na atakayeshikwa ni wewe uliyeiweka. Mwone afisa wanyamapori wa wilaya.

Mgeni aking'atwa au hata kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, waulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Tukio liandike daftarini, tarehe na saa. Bosi akikugeuka, utakuwa na pa kushika.