Mtazame Mhusika Akiwa Peke Yake: Ushauri kwa Wapenzi wa Tamthilia za Kikorea

Tamthilia ya kwanza ya Kikorea niliyoitazama kutoka mwanzo hadi mwisho ilikuwa Jumong, ile iliyoanza kurushwa mwaka 2006 na kufikia sehemu 81, na niliitazama kwa diski za kuazima sebuleni kwa shangazi yangu, Tanga. Shangazi hakuwa mtu wa kuvutwa na sura. Kila nilipomsifia kijana fulani kwa namna alivyomtazama msichana, aliniuliza swali lilelile: "Na huyo, msichana asipokuwepo, anafanya nini?" Nilidhani anaharibu utamu wa hadithi. Leo, wadogo zangu wanaponiomba niwachagulie tamthilia ya mapenzi, swali hilo ndilo ninalowapa, kwa sababu sijapata kipimo kingine kinachotenganisha upesi hivyo hadithi iliyoandikwa kwa uangalifu na ile iliyopambwa tu kwa mavazi na muziki.

Tuanze na Jumong yenyewe, maana watu wengi wanaikumbuka kwa vita na kusahau kwamba ndani yake mna mapenzi mazito. Soseono ni binti wa mfanyabiashara mkuu Yeontabal. Anaongoza misafara, anapanga bei, anafanya hesabu ya faida na hatari kabla ya kufungua mdomo. Jumong anapodhaniwa kuwa amekufa, Soseono anaolewa na Utae, msaidizi mwaminifu wa familia yake, ili asichukuliwe kwa nguvu na Daeso, mwana wa mfalme. Jumong anarudi akiwa hai na kukuta mlango umeshafungwa, naye anamwoa Yesoya. Miaka inapita, Utae anakufa, na hatimaye wawili hao wanaunganishwa na kazi ya kuujenga ufalme wa Goguryeo, mpaka Yesoya na mwanawe Yuri, waliokuwa wamepotea, wanapopatikana, ndipo Soseono anapochukua wanawe na watu wake na kwenda kusini. Shangazi alinyamaza siku nzima baada ya sehemu ile. Yalituuma vile kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na jukumu lisilomsubiri mwenzake. Ungewaondolea mapenzi, bado kila mmoja angebaki na hadithi yake kamili.

Somo hilo nilikuwa nalo mkononi, na bado nililipoteza. Mwaka 2009 Boys Over Flowers ilipotoka, nilikuwa katika umri wa kuamini kila machozi yanayomwagika kwenye mvua. Hadithi yake imetokana na katuni ya Kijapani ya Yoko Kamio, na ina mvuto wa ajabu, kwani Taiwan waliitengenezea tamthilia mwaka 2001, Japani mwaka 2005, na China wakairudia mwaka 2018. Geum Jan-di, binti wa dobi, anaingia katika shule ya watoto wa matajiri, na Gu Jun-pyo, mrithi wa kampuni kubwa, anaanza kwa kuwachochea wanafunzi wote wamtese. Baadaye anampenda. Anampeleka nyumbani kwake bila ridhaa yake, anamvalisha na kumpamba, kisha anashangaa kwa nini hajashukuru. Mimi nilishangaa pamoja naye. Nilimwona Jan-di kuwa ni mgumu wa moyo.

Naeleza hili kwa sababu lilinigharimu. Miaka michache baadaye nilikuwa na mchumba aliyekuwa akinisubiri nje ya kazini bila kuniambia, aliyetaka kujua kila simu niliyopigiwa, na aliyewahi kunivuta mkono mbele ya wenzangu ili tuondoke. Kila lilipotokea jambo kama hilo, kuna sehemu ya moyo wangu iliyolitambua na kuliita mapenzi, kwa kuwa nilikuwa nimeliona mara nyingi likisindikizwa na wimbo mzuri. Sisemi kwamba tamthilia ndiyo iliyonifanya nibaki kwa muda ule wote. Mtu hujifunza mapenzi kutoka sehemu nyingi, nyumbani kwanza. Lakini ilinipa jina zuri la kulipachika jambo baya, na kwa hiyo nawasihi wanaoanza kutazama sasa, hasa wasichana wa umri niliokuwa nao, wawe macho na mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kushikwa kifundo cha mkono na kuvutwa. Katika tamthilia za Kikorea za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, tendo hilo lilikuwa alama ya kawaida ya mwanamume mwenye hisia kali. La pili ni msamaha: tazama kama mkosaji anaomba radhi kwa maneno, au anasamehewa tu kwa sababu tumeonyeshwa utoto wake wenye huzuni. Mhusika ana haki ya kuwa mbaya, kwani hadithi ya watu wema watupu haitazamiki. Ninachomtaka mwandishi ni kwamba ubaya ulipiwe na aliyeutenda. Pale msichana anapolia, akaugua, akasamehe, na mvulana akapata busu, gharama imelipwa na asiyehusika.

Ulinganishe na Crash Landing on You, iliyoanza Desemba 2019. Yoon Se-ri, tajiri wa Seoul, anapeperushwa na kimbunga akiwa anaruka kwa parachuti na kuangukia Korea Kaskazini, ambako Kapteni Ri Jeong-hyeok anamficha nyumbani kwake. Tukio lenyewe haliaminiki hata kidogo. Hata hivyo mapenzi yao yanaaminika, na nimejiuliza mara nyingi sababu. Naona jibu limo katika mshumaa. Se-ri anaomba mshumaa wenye manukato ili aweze kulala. Jeong-hyeok, ambaye hajui kitu kama hicho, anamletea mshumaa wa kawaida. Siku nyingine Se-ri anapotea sokoni, usiku umeingia, hamjui mtu yeyote, na katikati ya umati anaona mwanga ulioinuliwa juu ya vichwa vya watu. Ni Jeong-hyeok, ameshika mshumaa, na anamwambia kwamba safari hii ni wenye manukato. Hakuna aliyevutwa mkono. Mwanamume amesikiliza, amekosea, amejifunza, kisha amesimama mahali anapoweza kuonekana ili mwanamke aje mwenyewe.

Na tukilirudia swali la shangazi, Jeong-hyeok asipokuwa na Se-ri ni mpiga piano aliyeacha muziki baada ya kaka yake kufa. Se-ri asipokuwa na Jeong-hyeok ni mwanamke aliyekwenda Uswisi akiwa amekata tamaa ya kuishi, mwenye ndugu wanaokiwinda kiti cha baba yao kama fisi. Walikuwa na majeraha yao kabla ya kukutana.

Lakini tamthilia ninayoipenda kuliko zote, na ambayo pia nina ugomvi nayo, ni Reply 1988, iliyorushwa kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016 kwa sehemu 20. Ni hadithi ya familia tano katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Ssangmun-dong, Seoul. Msomaji wa Kiswahili atajiona yuko nyumbani tangu sehemu ya kwanza: jioni watoto wanatumwa na mabakuli ya chakula kutoka nyumba hii hadi ile, na bakuli halirudi tupu, akina mama wanaitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Jung-hwan, Mama Sun-woo, kama tunavyoitana sisi. Deok-sun, mtoto wa kati, analia kwa uchungu kwa sababu kila mwaka siku yake ya kuzaliwa inaunganishwa na ya dada yake, kwa keki ileile. Baadaye baba yake anamletea keki yake peke yake, anakaa naye nje na kumwomba radhi, akimweleza kwamba naye hakuzaliwa akiwa baba, kwamba ubaba ni kazi anayoifanya kwa mara ya kwanza. Kabla hatujajua ni nani atakayempenda Deok-sun, tumeshajua ana njaa ya nini: anataka kuchaguliwa yeye mwenyewe, bila kuunganishwa na mtu mwingine. Huko ndiko kumwandika mhusika.

Sasa ugomvi wangu. Hadithi inasimuliwa kwa mtindo wa fumbo, tukiambiwa kwamba mmoja wa vijana wa kichochoroni ndiye mume wa Deok-sun wa baadaye bila kutajiwa jina lake. Jung-hwan anampenda kimya kimya. Anamkingia mikono kwenye basi lililojaa, anamsubiri asubuhi, halafu anajirudi kila anapotaka kusema, kwa kuwa amegundua kwamba rafiki yake Taek, bingwa wa baduk, mchezo wa kete ubaoni, naye anampenda. Usiku wa tamasha la muziki, Jung-hwan anaendesha gari kwa kasi akisimamishwa na taa za barabarani, na anapofika, Taek ameshatangulia. Taek ameacha mechi yake ili aje. Katika gari, Jung-hwan anakiri moyoni mwake kwamba kosa halikuwa la taa. Lilikuwa la mara zote alizositasita. Nimelitazama tukio hilo labda mara kumi na bado koo linanikaba.

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Jung-hwan ni kijana aliyejitahidi kuficha kikohozi mpaka kikamuumiza kifua. Kwa hiyo nakubali kwamba Taek alistahili: yeye alitenda. Kosa la waandishi, kwa maoni yangu, ni kwamba kwa kulinda fumbo walitunyima kuuona moyo wa Deok-sun ukigeuka. Tunaonyeshwa kwa undani namna Jung-hwan anavyopenda, na kwa sehemu namna Taek anavyopenda, lakini msichana ambaye hadithi ilianza na machozi yake anaachwa nyuma ya pazia katika uamuzi mkubwa kuliko yote. Ndiyo maana watazamaji waligawanyika vile, na mgawanyiko huo ungepungua kama fumbo lingetolewa kafara kwa ajili ya mhusika.

Ushauri mwingine unahusu masikio. Mtu anayesoma tafsiri chini ya picha tu hukosa nusu ya mapenzi ya Kikorea, kwa sababu lugha hiyo ina ngazi za heshima, na vitenzi hubadilika kulingana na unayezungumza naye. Kuna lugha ya heshima, jondaetmal, na lugha ya waliozoeana, banmal. Wapenzi wanapohama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, hilo ni tukio, na mara nyingi ni zito kuliko busu. Katika tafsiri halionekani kabisa. Sisi hali hiyo tunaielewa kwa njia yetu: kuna siku mtu uliyekuwa ukimwita "kaka" unamwita kwa jina lake tu, na nyumba nzima inatambua kwamba kuna jambo. Huhitaji kujifunza Kikorea chote. Zoea kusikiliza silabi ya "yo" mwishoni mwa sentensi, na siku ikitoweka, inua kichwa.

Wengi huniuliza pia kwa nini tamthilia nzuri huharibika baada ya sehemu ya kumi. Sababu moja ni ya kiufundi. Kwa miaka mingi Korea Kusini walikuwa wakipiga picha huku tamthilia ikiendelea kurushwa, sehemu mbili kwa wiki, kila moja ikikaribia saa nzima au zaidi, na waigizaji wakati mwingine walipokea kurasa siku ileile ya kazi. Mwandishi aliyechoka, anayesikia kelele za watazamaji, humbadilisha mhusika ili apate pa kupumulia. Mwaka 2018 sheria ya kazi isiyozidi saa 52 kwa wiki ilianza kutumika, na tamthilia nyingi siku hizi hukamilishwa mapema. Hata hivyo kasoro haijaisha. Queen of Tears ya mwaka 2024 inaanza kwa wazo la thamani kubwa, yaani mume na mke ambao ndoa yao imeshapoa, na sehemu za mwanzo zinaichunguza baridi hiyo kwa ujasiri. Kisha unaletwa upasuaji unaofuta kumbukumbu, na yale yote waliyokuwa wamejifunza kuhusu wao wenyewe yanawekwa kando ili adui apate nafasi. Nililia, ndiyo. Lakini nililia kwa ustadi wa waigizaji.

Kwa sababu hiyo mfuate mwandishi kabla ya kumfuata mwigizaji. Sura nzuri itakuvusha sehemu tatu. Sehemu kumi na sita zinahitaji mtu aliyefikiri. Kwa upande wa China sina uzoefu mkubwa, ila nakumbuka jinsi Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na TBC mwaka 2011, ilivyokusanya majirani: mapenzi ya ndoa yalipimwa kwa namna kijana anavyosimama kati ya mke na mama, na hapakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote pale sebuleni ugumu wa nafasi hiyo.

Mwandishi ninayemfuata zaidi hivi sasa ni Lim Sang-choon. Alipoandika When the Camellia Blooms mwaka 2019, alimpa mama anayelea mtoto peke yake heshima ambayo tamthilia nyingi huwapa warithi wa kampuni. Mwaka 2025 ikatoka When Life Gives You Tangerines, sehemu 16, iliyotolewa nne kila wiki, kuhusu Ae-sun wa kisiwa cha Jeju aliyetaka kuwa mshairi na Gwan-sik aliyempenda tangu utotoni. Niliitazama na shangazi. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea kwa sauti, nikitafsiri kadiri nilivyoweza. Katika nyumba ya wakwe wa Ae-sun, wanaume wanakula meza yao na wanawake yao. Gwan-sik, akiwa amekaa na wanaume, anageuka tu pale alipo, anawapa mgongo wakubwa, na kuanza kula upande wa mkewe na binti yake. Hakuna hotuba. Shangazi alinishika mkono nisiendelee kusoma, akaomba nirudishe nyuma, nikarudisha, akaomba tena.