Sulfasalazini na antibiotiki za jino: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada, pole sana kwa kuumwa. Umesema una vidonda vya utumbo mpana, umeanzishiwa sulfasalazini wiki tatu zilizopita, mkojo umegeuka rangi ya chungwa, na sasa daktari wa meno amekuandikia antibiotiki. Mfamasia naye amekwambia antibiotiki zinaweza kuua bakteria wanaoifanyisha kazi dawa yako. Unauliza kama ni kweli, na kama uache maharage. Nimeishi na ugonjwa huu tangu 2013, na dawa hiyo nimeimeza miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nikujibu kirefu.

Mkojo usikutie hofu. Ile ni rangi ya dawa yenyewe. Hata jasho na ngozi vinaweza kuchukua umanjano kidogo. Kinachotakiwa kukukimbiza hospitali ni mkojo mweusi kama chai ya rangi pamoja na macho ya manjano, au upele, homa na koo kuuma. Hayo usiyasubirishe hata siku moja.

Mfamasia wako amesema kweli, na shukuru kwamba umempata anayeeleza. Kidonge chako ni dawa mbili zilizofungwa kwa fundo la atomu mbili za naitrojeni. Upande mmoja kuna mesalazini, ambayo ni ndugu wa aspirini. Upande wa pili kuna sulfapiridini, ya ukoo wa salfa. Fundo hilo halifunguki kwa asidi ya tumbo wala kwa vimeng'enya vya utumbo mwembamba. Sehemu ndogo ya dawa hunyonywa njiani, na iliyo nyingi huteremka nzima mpaka utumbo mpana. Huko ndiko kuna bakteria wengi wanaoishi pasipo oksijeni, na wao ndio wanaolikata fundo. Likishakatika, mesalazini hubaki palepale ikituliza ukuta wenye vidonda, na sulfapiridini huingia kwenye damu. Kile kichefuchefu na kichwa kuuma unachokilalamikia mara nyingi hutokana na hiyo sulfapiridini. Ini za watu haziisafishi kwa kasi moja, ndiyo maana mwenzako anameza dozi ileile na hasikii kitu.

Watafiti walilithibitisha jambo hili kwa panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni: dawa ilipita bila kukatwa. Binadamu aliyeondolewa utumbo mpana naye huitoa karibu yote ikiwa nzima.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba aliyeibuni hakuwa akiutafuta utumbo. Daktari Nanna Svartz wa Stockholm, mwishoni mwa miaka ya 1930, alitaka dawa ya baridi yabisi ya viungo, akaunganisha salfa na ndugu wa aspirini. Wagonjwa wa utumbo ndio walionufaika sana. Ilibidi ifike 1977 ndipo madaktari wa Oxford walipozitenganisha sehemu zile mbili, wakawapa wagonjwa kila moja peke yake kwa njia ya haja kubwa, wakaona kwamba inayoponya utumbo ni upande wa mesalazini.

Sasa yaliyonipata mimi. Mwanzoni nilitibiwa amiba mara nne, na taifodi mara mbili, huku choo kikiendelea kutoka na damu. Kila mara nilipewa antibiotiki nyingine. Kipimo cha kamera kilikuja kufanyika baada ya miezi minane. Nilianzishwa vidonge viwili mara nne kwa siku, baadaye vikapunguzwa, na damu ikakata kabisa. Nilipata mwaka mzima na zaidi wa amani. Kisha jino likavimba. Nikaenda duka la dawa la mtaani, nikauziwa ampisilini iliyochanganywa na kloksasilini. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani, nami sikusema. Siku ya sita nikaanza kuharisha. Siku ya tisa damu ikarudi.

Daktari wangu wa kliniki hakukimbilia kuongeza dozi. Kwanza alipima choo, kwa sababu kuna bakteria mbaya, klostridiamu difisile, anayestawi wenzake wakishafyekwa na antibiotiki, na dalili zake zinafanana sana na ugonjwa wetu kuamka. Hakuwepo. Akanieleza kwamba ampisilini inajulikana kupunguza ukataji wa sulfasalazini, na pia kwamba antibiotiki yenyewe huvuruga utumbo. Lipi lilichangia zaidi kwangu, asingeweza kuapa. Nilichukua karibu wiki saba kurudi sawa.

Kwa hiyo jino litibiwe, tena mapema. Usaha kwenye fizi si wa kuchezea, na usiache antibiotiki kwa ajili ya maneno yangu. Ila kabla hujameza, mpigie daktari wako wa utumbo, mtajie jina la antibiotiki na siku zake. Anaweza kushauri antibiotiki ibadilishwe, au akakufuatilia kwa karibu. Kuna pia mesalazini isiyofungwa na kitu, iliyotengenezwa iachiliwe yenyewe chini huko bila kungoja bakteria. Bei yake kwetu huwa kubwa, lakini ulizia.

Usidhani bakteria hukata kwa faida yetu tu. Baba yangu mkubwa alikuwa akitumia digoksini ya moyo. Kuna bakteria aitwaye *Eggerthella lenta* anayeigeuza dawa hiyo kuwa kitu kisicho na nguvu. Watafiti wa Marekani waligundua kwamba kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi sehemu kubwa ya dozi hupotea hivyo, na kwamba mtu wa aina hiyo akipewa antibiotiki kiwango cha digoksini kwenye damu kinaweza kupanda mpaka kuwa sumu. Ndiyo maana siku mzee alipotapika na kulalamika kwamba anaona vitu vya manjano, daktari wa zamu alianza kwa kuuliza ametumia antibiotiki gani karibuni.

Kuhusu maharage: usiyaache moja kwa moja. Sukari zake, kama rafinosi, hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, zinateremka nzima kama kidonge chako, na bakteria wakizila hutoa gesi. Lakini ulaji huohuo wa nyuzinyuzi na wanga mgumu hutoa byutireti, asidi ambayo ni chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Utumbo ukiwa umewaka mimi hula uji laini, wali na samaki, maharage naweka kando. Ukitulia naanza na vijiko viwili vya maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, naongeza taratibu kwa wiki mbili tatu. Kiporo cha ugali au viazi pia kinanifaa: wanga ukipoa, sehemu yake huwa ngumu kusagika na huwafikia bakteria. Kihifadhiwe kwenye friji, kisilale mezani.

Halafu uliza kuhusu vidonge vya foliki, maana sulfasalazini hupunguza ufyonzaji wake, hasa kama mnatafuta mtoto. Vipimo vya damu vya miezi ya mwanzo usivikose. Tuandikie jina la hiyo antibiotiki ya jino.