Jibu: Ushindi 9, kipigo 1, na bado mko nje ya mchujo

Mkuu, umeuliza inakuwaje timu ya futiboli ya Marekani, Divisheni ya Tatu ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani), ishinde mechi 9 kati ya 10 halafu iachwe nje ya mchujo wa kutafuta bingwa wa taifa. Inawezekana kabisa, na inauma, maana vijana hawa hawalipwi ufadhili wa michezo hata senti.

Tangu 2024 mchujo unachukua timu 40, na sehemu kubwa ni mabingwa wa konferensi (makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja) wanaopita moja kwa moja. Angalia kile kipigo kimoja kilitoka kwa nani. Kama ni mpinzani wa konferensi yenu aliyemaliza na rekodi kama yenu, kwa kawaida kigezo cha kwanza ni nani alimfunga mwenzake. Hapo ubingwa umekwenda.

Mnabaki kugombea nafasi chache zinazogawiwa kwa fahirisi ya NPI. Hii inapima ushindi wako pamoja na ubora wa uliocheza nao. Tofauti ya pointi haihesabiwi: 56–0 na 14–13 ni ushindi uleule. Kwa hiyo kumlundikia mnyonge pointi robo ya nne hakusaidii, kunahatarisha goti la kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi, tu.

Dawa iko kwenye ratiba. Konferensi ya timu 8 inakula mechi 7. Zile 3 za Septemba kocha anajipangia. Akichukua vibonde watatu, Novemba fahirisi itamsuta.