Bendi ya muziki wa metali ikitaka mashairi mazito, ianzie wapi?

Mkuu, umeuliza bendi yenu ya Kinondoni itokeje kwenye "sisi wakali, tunapiga kwa nguvu" na kuandika mambo mazito, kama walivyofanya Metallica, bendi ya metali ya Marekani. Wengi hukimbilia kupunguza spidi. Msianzie hapo. Anzeni na nani anaongea.

Albamu yao ya kwanza, 1983, ina nyimbo kibao za kujitapa: jukwaa, kelele, mashabiki. Mwaka 1986, kwenye "Master of Puppets", anayeongea ni dawa ya kulevya yenyewe, inamtambia mtumiaji wake. Mwaka 1988, kwenye "One", ni askari aliyepoteza viungo, macho na masikio, amefungiwa ndani ya mwili wake. Muziki nao unamfuata: gitaa laini mwanzoni, halafu ngoma za miguu zinarindima kama rashasha. Kwa hiyo kabla ya rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia), andikeni sentensi moja: nani anaongea, yuko wapi, anataka nini. Konda aliyefukuzwa kazi Mbagala ana wimbo. "Jamii imeoza" haina.

Sasa Kiswahili, maana hapa ndipo bendi nyingi hujikwaa. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye mdundo wa nne kwa nne, ukipa kila silabi nusu pigo, kipande cha mizani (silabi) nane kinajaa baa moja, yaani mapigo manne, na mkazo wa mwisho unatua pigo la nne, palepale snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inapogonga. Jaribu "umeme umekatika": nane, "ti" iko juu ya snea. (Mkazo wa "umeme" unaangukia katikati ya mapigo, ila hauumizi.) Sasa "maji yamekatika": saba, "ti" inawahi, mstari unachechemea. Usiongeze neno la kujazia, acha tu nusu pigo la kimya mwanzoni.

Spidi ndiyo inakuja hapa. Kwa mapigo 200 kwa dakika, baa ni sekunde 1.2, silabi nane hazisikiki, ni matope. Kwa 120 ni sekunde 2, kila neno linaeleweka. Rifu ya 200 ibaki, ila mwimbaji apewe mizani nne kwa baa.

Urefu nao siyo uzito. Albamu yao ya 1988 ina nyimbo 9 kwa dakika 65 hivi, na besi karibu haisikiki. Ya 1991 ina nyimbo 12 kwa dakika kama 62, yaani kwa wastani kila wimbo ni mfupi zaidi. Tena wimbo wake "Enter Sandman" mwanzoni ulihusu kifo cha ghafla cha mtoto mchanga kitandani. Prodyuza Bob Rock aliona maneno yanaweza kuwa bora, mwimbaji wao James Hetfield akaandika upya, rifu ikabaki. Nanyi msitupe rifu kwa sababu ya ubeti dhaifu. Someni maneno juu ya metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) tupu, bila gitaa, kabla hamjaanza kulipia studio kwa saa.